Mandhari ya kadi kwa mabaki ya karatasi: shajara ya mradi, Mikindani

Jumamosi, 18 Januari 2025: Mabaki yametosha, kazi ianze

Nyumba nyingi za zamani hapa Mikindani, karibu na Mtwara mjini, ni za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, na kila aliyepaka upya hakukwangua ya mwenzake. Chokaa ikibanduka unaona tabaka zote: nyeupe, chini yake buluu, chini yake manjano iliyofifia, kisha jiwe lenyewe. Nimepita kando ya kuta hizo tangu nikiwa mdogo. Mwaka huu nataka kuzitia kwenye kadi.

Nimepanga kadi 40 za mkono kwa ajili ya Idi, na zitakazobaki zitangoja harusi za baada ya mfungo. Karatasi ya manila ya A4 naikata nusu, kila nusu naikunja, napata kadi yenye uso wa A6, yaani milimita 105 kwa 148. Juu ya uso huo nabandika kipande cha kolaji, yaani mabaki ya karatasi yaliyobandikwa pamoja, cha milimita 95 kwa 138 ili libaki pindo la milimita 5 kila upande. Picha yenyewe (jahazi, bibo na korosho yake, mlango wa kuchonga) inakaa juu ya kolaji.

Anayejua kanga atanielewa mara moja. Kanga ina pindo, ina mji, yaani uwanja wa katikati, ina jina. Shajara hii inahusu mji tu. Nimeona kadi nyingi za mkono zenye picha nzuri iliyowekwa juu ya karatasi tupu, na picha inaonekana kama mgeni aliyeachwa barazani.

Mabaki yametoka hivi: vipande vya pembeni kutoka steshenari moja mjini Mtwara, wanavitupa kila jioni wakishakata kadi za harusi; mifuko ya karatasi ya saruji kwa fundi anayejenga nyuma yetu; karatasi za mitindo kwa fundi cherehani; kalenda, madaftari yaliyojaa, magazeti, pakiti za majani ya chai. Vyote bure, ila nauli.

Kabla sijashika mkasi nilitenga kila karatasi yenye maandishi ya Kiarabu. Huwezi kujua aya iko wapi, na sitaki jina la Mwenyezi Mungu likatwe vipande na kuishia sakafuni. Nimezipeleka kwa mwalimu wa madrasa, yeye anajua namna ya kuzihifadhi.

Mifuko ya saruji ina tabaka zaidi ya moja. Tabaka la ndani limegusana na saruji, na hata ukilikung'uta mara kumi bado lina punje zitakazotokeza kama chunusi chini ya kolaji. Chukua la katikati, au la nje upande usiochapwa. Kung'utia nje, upepo ukiwa mgongoni, na ujifunge kitambaa mdomoni. Kaki hii ni ngumu kuchanika na ndiyo nitakayoitumia kama msingi.

Jumapili, 26 Januari: Kadi sita zimepinda

Nilianza kwa njia niliyoidhani fupi: gundi nyeupe ya mbao, brashi, vipande moja kwa moja juu ya kadi. Kadi sita kwa mchana mmoja. Zikiwa mbichi zilipendeza mno. Nikaziacha mezani, nikaenda kuswali Alasiri na kupika. Magharibi nimerudi, zote sita zimejikunja kama dagaa waliokaa juani, uso ndani, mgongo nje.

Nikazikandamiza chini ya matofali usiku kucha. Asubuhi zilikuwa bapa. Kufika saa nne zimeanza kupinda tena.

Kosa la pili lilikuwa kwenye gundi yenyewe. Hapa kwetu mwezi huu hewa ni nzito, lakini kwenye kibaraza chenye upepo wa bahari gundi ile inashika haraka kuliko mkono wangu. Kipande nilichokiweka vibaya hakikubali kusogezwa. Ukikivuta kinachanika na kuacha alama inayong'aa ambayo rangi haishiki juu yake.

Hasara: manila tatu za A4, robo ya kopo la gundi, siku moja.

Jumatano, 29 Januari: Kwa nini zinapinda

Nimetumia jioni mbili na manila moja kulitafuta hili, na naliandika kwa kirefu kwa sababu ndilo lililoamua kila kitu baadaye.

Karatasi ni nyuzi, na zikitengenezwa mashineni nyuzi nyingi hulala upande mmoja. Ikilowa, uzi hauongezeki sana urefu, unanenepa. Kwa hiyo karatasi inatanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kuzifuata. Kipande kilicholoweshwa na gundi kinabandikwa kikiwa kimetanuka. Kikikauka kinasinyaa na kuivuta kadi kikielekea upande wake. Kadi yenyewe haijalowa sawasawa, haina nguvu ya kukipinga.

Kujua nyuzi zimelalaje ni rahisi. Ikunje karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi. Ukiona shaka, lowesha kipande kidogo upande mmoja: kitajiviringa kama sigara, na sigara hiyo imelala sambamba na nyuzi.

Nimeamua mambo mawili. La kwanza, kolaji sitaibandika tena juu ya kadi ikiwa mbichi. Nitatengeneza karatasi kubwa ya kolaji ya A3 peke yake, ikauke kabisa, ndipo nikate vipande. La pili, kila kinachobandikwa mbele kitapata mwenzake nyuma. Msingi ni kaki, mbele kolaji, nyuma karatasi nyeupe nyembamba iliyopakwa gundi ileile siku ileile, nyuzi zake zikielekea kulekule. Wakivutana pande zote mbili kaki inabaki katikati imenyooka.

Jumamosi, 8 Februari: Gundi ya muhogo

Bibi yangu alikuwa akitia kanji kanzu za babu kwa muhogo. Nilikuwa nimeshaliona hilo maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba kanji ni gundi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la unga wa muhogo wa dukani. Halikufaa, una makapi, na kila kapi linaonekana chini ya karatasi laini. Nikanunua fungu la mihogo mibichi, nikamenya, nikaikwaruza kwenye kikwaruzo cha karoti, nikaikamua ndani ya kitambaa chepesi. Maji yale meupe nikayaacha yatuame usiku kucha. Asubuhi nikamwaga maji ya juu, chini kumebaki wanga mweupe mgumu, ukiusugua kwa kidole unalia kama viatu vipya. Nikauanika.

Kipimo kilichokubali ni vijiko vinne vya wanga mkavu kwa vikombe viwili vya maji. Wanga uvuruge kwanza kwa maji baridi nusu kikombe, kisha umimine kwenye maji yaliyobaki yakiwa ya moto, moto mdogo, mwiko usisimame. Mwanzoni ni maziwa. Ghafla unaona mistari ya kioo inapita kwenye weupe, mwiko unakuwa mzito, na baada ya muda mfupi weupe wote umekwisha. Ukitoa kabla ya hapo gundi haishiki. Ipoze, ichuje kwa kitambaa.

Tofauti na gundi ya mbao ni ya ajabu. Kipande kinateleza, unakisogeza, unakiinua, unakirudisha. Vipande navichana kwa mkono zaidi ya kuvikata: ukichana kipande ukikivutia kwako, ukingo unabaki na mstari mweupe wa nyama ya karatasi, ukichana kwa kukisukuma mbele, mweupe unabaki nyuma na ukingo wa mbele unakuwa wa rangi. Mstari mweupe ule ndio chokaa ya Mikindani niliyokuwa naitafuta. Natandaza kuanzia katikati, nabingirisha chupa tupu ya soda juu yake kuelekea nje, mapovu yote yanatoka pembeni.

Karatasi ya kwanza ya A3 imekauka kwa siku mbili chini ya ubao na matofali manne. Imenyooka. Niliiweka juu ya meza na kuizungukia mara kadhaa.

Jumatatu, 17 Februari: Ukungu

Tatu zimekufa.

Nilibandika A3 tatu Alhamisi. Mvua ilikuwa inakuja na paa la kibaraza linavuja pembeni, kwa hiyo nikazifunga kwenye nailoni pamoja na ubao wake, nikaweka matofali juu, nikasafiri kwenda Lindi kwenye shughuli ya ukoo. Leo nimefungua na harufu imenitangulia. Madoa ya kijani na meusi, mviringo kwa mviringo, yameanzia pale palipokuwa na uji mwingi wa gundi. Karatasi za kalenda, ambazo zina mng'ao na hazinyonyi, zimebanduka kabisa na chini yake kuna utelezi.

Hakuna la kuokoa. Nimezichoma nyuma ya nyumba. Ukungu ukiuweka karibu na mabaki mengine unahamia huko.

Kosa halikuwa la muhogo. Nilifunga maji ndani ya nailoni kwa siku nne katikati ya msimu wa mvua. Karatasi iliyo chini ya uzito inahitaji kitu kikavu cha kunyonya unyevu wake, na kitu hicho kibadilishwe.

Jumapili, 23 Februari: Marekebisho

Sasa kila A3 inalala kati ya vitambaa viwili vya shuka kuukuu. Saa ya kwanza nabadilisha kila baada ya dakika ishirini, baadaye kila baada ya saa mbili mpaka usiku. Magazeti nimeyajaribu kama vinyonyaji, wino wake ukahamia kwenye karatasi nyeupe ya nyuma. Shuka ni bora, na zinafuliwa.

Kwenye uji niliweka kwanza shabu, robo ya kijiko cha chai, ambayo watengeneza vitabu wa zamani waliitia kwenye gundi za wanga. Inazuia ukungu kweli, lakini ni tindikali, na tindikali kwa miaka inaichosha karatasi. Sitaki kadi ya mtu ivunjike mkunjoni akiwa bado anaihifadhi. Nimebaki na karafuu: punje kumi na mbili zichemke kwenye maji kabla ya kutia wanga, kisha zitolewe. Uji unapata rangi ya chai hafifu na nyumba nzima inanukia. Napika wa siku moja tu. Ukilala, asubuhi unamwagwa.

Alhamisi, 6 Machi: Gazeti limetoka kwenye mradi

Tumo kwenye mfungo, kwa hiyo kazi ya mikono naifanya asubuhi mapema na baada ya tarawehe. A3 tano zimekamilika tangu tarehe 23. Leo moja nimeitoa.

Mama mmoja jirani, ambaye mwanawe anaoa baada ya Idi, alikuja kuona kadi. Nilimwamkia, akaitikia, akaishika ile A3 iliyokuwa karibu na dirisha. Ilikuwa na vipande vya gazeti vyenye picha ya bahari, na juu nilikuwa nimepaka tabaka jembamba la gundi ya mbao iliyozimuliwa ili kuikinga. Alinyamaza. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Gundi ilikuwa imeifanya karatasi ya gazeti ipitishe mwanga, na maandishi ya upande wa nyuma yamepanda juu ya bahari, yamegeuka kama kwenye kioo. T ilikuwa T, A ilikuwa A, I ilikuwa I, hizo hazibadiliki zikigeuzwa. N na Z zilikuwa zimegeuka lakini zinasomeka. TANZIA. Chini yake picha ndogo ya mzee wa watu amevaa kofia.

"Nisamehe sana, mama. Nilisoma upande mmoja."

"Soma pande zote, mwanangu. Hii ingefika kwa wakwe."

Hakukasirika, na oda yake hakuiondoa. Lakini nimekaa na jambo hilo siku nzima. Yule mzee pia ana watu wake, na sikuwa na haki ya kumfanya pambo.

Kuna sababu ya pili ya kuliacha gazeti. Tangu Januari nilikuwa nimebandika ukurasa mmoja dirishani, nusu yake nikaifunika kwa kadibodi. Nusu iliyo wazi sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa bila kuondolewa lignini, kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na lignini ikipigwa na mwanga na hewa inageuka manjano. Karatasi ya daftari iliyokaa dirisha hilohilo haijabadilika kiasi cha kuonekana. Gazeti halitumiki tena hapa, wala kama tabaka la chini.

Na kila kipande chembamba sasa nakipima kabla ya kukibandika: nakilowesha kidogo kwa kidole, nakiinua kwenye mwanga, nasoma kinachopanda. Madaftari nayo yana majina ya watoto. Hayo nayakata kwanza.

Jumapili, 9 Machi: Mji unapiga kelele

Niliweka jahazi la karatasi nyeupe juu ya zile A3 nne mpya. Halionekani. Kalenda zina nyekundu kali, pakiti za chai zina kijani, herufi kubwa za steshenari zinavuta jicho, na jahazi limezama katikati yao. Ile A3 ya kwanza ya mwezi wa pili ilikuwa tulivu kwa bahati tu, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na kaki na madaftari pekee.

Dawa ilikuwa kwenye kopo la rangi ya ukutani, nyeupe ya maji, iliyobaki tulipopaka chumba. Sehemu moja ya rangi, sehemu tatu za maji. Napaka haraka kwa brashi pana, nahesabu mpaka kumi, kisha nafuta kwa kitambaa kikavu nikizungusha. Rangi inabaki kwenye mikwaruzo na kingo zilizochanwa, juu inabaki kama ukungu wa alfajiri baharini. Nyekundu inakuwa waridi lililochoka. Herufi zinabaki, lakini zinanong'ona.

Moja niliifuta nimechelewa, ikawa nyeupe tupu. Hiyo niliiokoa kwa msasa laini baada ya kukauka: nilisugua pale nilipotaka, na rangi za chini zikatokeza kwa mabaka. Ukweli ni kwamba imekuwa nzuri kuliko zote, ndiyo inayofanana zaidi na kuta za karibu na Boma, lile jengo la zamani la Wajerumani. Tatu zilizofuata nimezifanya kwa makusudi hivyo, kupaka nene kisha kusugua.

Jumamosi, 15 Machi: Kukata

A3 nane nzuri ziko tayari. Ukizikata kwa mistari zinatoa hadi vipande tisa kila moja, lakini vingi vinakuwa na jambo zuri lililokatwa nusu. Nimekata dirisha la milimita 95 kwa 138 kwenye kadibodi, nalitembeza juu ya A3 mpaka nione mahali palipotulia katikati na pana kitu pembeni. Nachora, nakata kwa rula ya chuma na kisu chenye wembe mpya. Wembe butu unaing'oa kolaji pembeni, usiuonee huruma. Nimepata vipande 43, na mabaki ya mabaki yamerudi kwenye boksi.

Usiku ule niliviacha vyote mezani. Asubuhi vitatu vimeliwa kingo na mende. Wanga ni chakula chao, ningepaswa kujua. Sasa vinakaa kwenye bati la biskuti lenye mfuniko, vikiwa vikavu kabisa.

Kubandika kwenye kadi natumia selotepu ya pande mbili. Hakuna maji, hakuna kupinda. Vitatu nimeviweka mshazari na vimechanika nilipovitoa.

Jumanne, 25 Machi: Hesabu

Kadi 37. Zimesimama dirishani tangu wiki iliyopita pamoja na mvua zake na hakuna iliyopinda.

Fedha iliyotoka: manila 30 kwa 200 kila moja, 6,000, na sita bado ninazo, gundi ya mbao 4,000, brashi mbili 3,000, rula 3,000, kisu na nyembe 2,000, mihogo 2,000, shabu na karafuu 1,000, selotepu mbili 4,000, karatasi nyeupe za A3 ishirini 3,000, bahasha 40 kwa 6,000, nauli 4,000. Jumla shilingi 38,000, kama 1,030 kwa kadi bila kuhesabu mikono yangu. Bahasha ni za milimita 114 kwa 162, na hata kadi yenye tabaka nyingi inaingia bila kubana.

Nimeuza 22 kwa 2,500, yaani 55,000. Kumi nyingine ni za yule mama. Amechagua mwenyewe, moja moja, kila moja akiigeuza kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kuiweka upande wake. Tano zimebaki.

Mihogo mingine imetuama kwenye ndoo tangu jana. Kesho baada ya futari namwaga maji ya juu, na kuna karatasi za kaki za fundi cherehani zenye mistari ya chaki ambazo sijazigusa bado.